Sura ya Sita: Mimea Isiyosikia

Saa nne kasorobo asubuhi, Mkaguzi alikuwa amekwisha kuelezwa mara mbili namna mmea unavyokua. Mara ya kwanza alielezwa na Profesa, ambaye alitumia dakika arobaini na ubao mzima, akafuta, akaanza upya. Mara ya pili alielezwa na mkuu wa chuo, ambaye naye hakuelewa, ila alieleza kwa sauti kubwa zaidi. Sasa Mkaguzi alikuwa amekaa kwenye kigoda cha chumba cha mizani, na mshukiwa wake alikuwa anatafuta karatasi ya kuchorea.

"Weka kalamu chini," alimwambia. "Sikukuuliza mmea unakuaje. Nimekuuliza chupa ya homoni iko wapi."

Kijana huyo, ambaye wenzake walimwita Miwani, aliivua hiyo miwani, akaifuta kwa pindo la koti jeupe, akaivaa ikiwa chafu zaidi.

"Niliichukua mimi, afande."

Mkaguzi alimtazama. Siku tatu alikuwa akipanda na kushuka ngazi za jengo lile. Alikuwa amekagua friji nne, na katika mojawapo alikuta viatu vya mtu.

"Juzi nilikuuliza mbele ya watu wote."

"Juzi uliuliza nani ameiba. Mimi sikuiba, niliichukua kwa muda. Homoni niliyoagiza imechelewa wiki sita, na mimea yangu haisubiri makaratasi."

"Na kwenye daftari hukutia sahihi."

"Daftari lilikuwa limefungiwa ndani."

Mkaguzi alivuta pumzi, akafungua jalada. Kesi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maelezo yake. Msichana mmoja mtafiti, ambaye kila mtu alimwita Mpole kwa sababu ukitaka kumsikia sharti usogee, alikuwa amepanda mbegu za laini namba kumi na nne, yaani ukoo mmoja wa mimea ya utafiti, miezi mitano iliyopita. Katika kila miche minne, mmoja ulibaki kibeti. Aliipima, akaipiga picha, akaandika ripoti. Mwezi uliopita Profesa alitaka kuhakikisha, akapanda mbegu mia mbili za laini hiyohiyo. Zote mia mbili zikatoa miche mirefu, hakuna kibeti hata wa dawa. Profesa akasema basi Mpole aliinyima miche mwanga ili idumae, akapiga picha, akatunga matokeo. Mpole akasema mbegu zimebadilishwa. Ilipogunduliwa kwamba na chupa ya homoni ya kukuza mimea imepotea kwenye friji, chuo kikaita polisi. Saa tisa alasiri ya siku hii kamati ingekaa, na barua ya kumfukuza Mpole ilikuwa imeshachapwa. Mkaguzi aliiona mwenyewe mezani kwa mkuu wa chuo. Ilikosa sahihi tu.

"Sasa nikwambie ninavyoona," alimwambia Miwani. "Wewe na Mpole mnagombea nafasi moja ya kwenda kusoma nje. Umechukua homoni ya kurefusha mimea. Umeingia kwenye kitalu, ukaipulizia miche ya Profesa, vibeti wakarefuka. Mpole akaonekana mwongo."

Miwani alijaribu kuzuia kicheko kikamtokea puani.

"Samahani. Sikucheki wewe, afande."

"Unacheka nani? Mizani?"

"Wale vibeti hawana upungufu wa homoni. Wanayo, tena tele kuliko wengine. Hawaisikii. Hata ningewaogesha ndani yake wasingerefuka kwa unene wa kucha."

"Umejuaje?"

"Kila mtu hapa anajua. Ndiyo kazi yetu."

Mkaguzi alifunga jalada kwa nguvu kiasi kwamba namba za mizani zilicheza. Alimwambia Miwani airudishe chupa kabla ya adhuhuri na asitoke kwenye jengo, kisha akaenda kumtafuta mtu asiyegombea nafasi yoyote.

Mtu huyo alikuwa fundi wa maabara, mwanamke wa makamo mwenye rundo la funguo za friza kiunoni. Alijulikana kama Mama Barafu. Mkaguzi alimkuta kwenye sinki akibandika lebo kwenye vichupa vidogo, na hakuacha kubandika.

"Nina swali moja," Mkaguzi alisema. "Na naomba jibu bila ubao."

"Uliza, dada."

"Mche kibeti wa laini kumi na nne, nikimpulizia homoni, atarefuka?"

"Hapana."

"Ahsante. Kwa nini?"

Mama Barafu alikausha mikono. "Seli ina utando, ndio ngozi yake. Kwenye ule utando amekaa kipokezi, nusu nje, nusu ndani, kama mtu aliyekaa dirishani. Nusu ya nje inashika homoni inayopita. Nusu ya ndani tunaiita kinasi, na kazi yake ni kubandika kichembe kiitwacho fosfati kwenye protini za jirani. Ukibandikwa, unaamka. Aliyeamka anamwamsha mwenzake, naye mwenzake, mpaka habari inafika kwenye kiini cha seli: refuka. Hizo ndizo habari zote za mjini."

"Na kibeti?"

"Kibeti hana mtu dirishani. Homoni inapita barabarani inapiga kelele mpaka sauti inakauka, na ndani watu wamekaa. Ukimpulizia utamlowesha tu."

Mkaguzi alitoa daftari lake, akaufuta mstari mmoja mrefu, halafu ule uliofuata, halafu ukurasa wote. Kama vibeti hawawezi kurefushwa, basi miche mia mbili ya Profesa haikurefushwa na mtu. Ilizaliwa mirefu. Hakukuwa na la kutafuta kwenye chupa wala kwenye kitalu. La kutafuta lilikuwa ndani ya mbegu.

"Mbegu za laini hii zinatunzwa na nani?"

"Mimi. Kabati hili, ufunguo huu. Profesa ana wa pili." Mama Barafu alifungua kabla hajaombwa. "Hakuna aliyebadilisha, dada. Bahasha zinafika kwangu zimefungwa kwa uzi, nami nazipokea kwa sahihi siku ileile."

"Zinafika kutoka wapi?"

"Kwa mzee wa kitalu. Zamani nilikuwa navuna mwenyewe. Kazi zilipozidi tukampa yeye. Ana mkono mzuri."

Mkaguzi aliomba daftari la mbegu. Lilikuwa kubwa, jalada gumu, na mwandiko wa mzee ulikuwa wa herufi nene zilizosimama wima. Alipitisha kidole. *Laini 14. Imevunwa. Mmea 1.* Hayo yalikuwa mavuno ya mwaka jana, na ndizo mbegu alizopanda Mpole mpaka zikaisha. Chini zaidi, miezi mitatu nyuma, baada ya Mpole kumaliza vipimo vyake: *Laini 14. Imevunwa. Mmea 1.* Hizo ndizo alizopanda Profesa.

"Trei moja inachukua miche mingapi?"

"Arobaini."

"Na anavuna mmoja."

"Mmea mmoja unatoa mbegu maelfu, dada. Zinatosha kabisa. Ndivyo anavyoandika siku zote." Mama Barafu aliinama kwenye daftari alilolitia sahihi mwenyewe kwa miaka mitatu. Aliweka kidole juu ya namba. "Mmoja," alisema. "Lakini mmoja yupi?"

Hawakusubiri lifti.

Kitalu cha kioo kilikuwa nyuma ya jengo, vioo vyake vimepakwa chokaa kupunguza jua, feni mbili zikizunguka bila kuleta upepo wa maana. Mzee alikuwa amevaa buti za mpira na kofia iliyopoteza rangi, anamwagilia trei moja baada ya nyingine kwa kopo lenye matundu. Kwenye trei moja mmea mmoja ulikuwa umefungwa utepe mwekundu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mama. Karibuni. Msikanyage bomba."

"Huo utepe ni wa nini?"

Uso wa mzee ulichangamka. Ilionekana ni mara ya kwanza kuulizwa. "Huyo ndiye mama wa mbegu. Mtu huchukui mbegu kwa mgonjwa. Unapita asubuhi, unapita jioni, unaangalia. Yule aliyesimama vizuri, shina nene, hana kasoro, unamfunga utepe. Huyo ndiye unamvuna. Wengine unawaacha."

"Nani alikufundisha?"

"Mama yangu mzazi. Na hatukuwahi kukosa mavuno."

Mama Barafu alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Alizungumza akiangalia sakafu yenye maji. Kila mche, alisema, una nakala mbili za maelekezo ya kutengeneza kipokezi. Zikiharibika zote mbili, ni kibeti. Ikiharibika moja, mche ni mrefu kama kawaida, lakini watoto wake mmoja kati ya wanne atakuwa kibeti. Na kuna warefu wengine ambao ni wazima kabisa, nakala zote mbili. Watoto wa hao, hata ukipanda shamba zima, hupati kibeti. Kwa macho huwezi kuwatofautisha wale wawili.

"Kwa hiyo mwaka jana alifunga utepe kwa mrefu mwenye nakala mbovu," Mkaguzi alisema.

"Kwa bahati."

"Na safari hii akafunga kwa mzima."

"Kwa bahati pia. Mimi nilikuwa navuna warefu wote, kila mmoja bahasha yake, halafu nawapima. Nilimkabidhi kazi, dada. Nikamkabidhi na mkasi. La kuvuna wote na kuwapima, hilo sikumkabidhi."

Mzee alikuwa ameweka kopo chini. "Nimeharibu nini, mama?"

Mkaguzi alitazama saa. Saa tano na dakika tano. Maelezo yalikuwa mazuri, na kamati ingeyasikiliza kwa heshima, kisha Profesa angesema kwamba hata hivyo hakuna kibeti wa kuonyesha, na picha ni picha tu. Angekuwa na haki ya kusema hivyo. Miche ya Mpole ilikuwa ndiyo ushahidi pekee.

"Mzee, trei za Mpole, baada ya kuvuna, ulizifanyaje?"

"Kadi ya Profesa ilisema zitupwe."

"Ukazitupa?"

Mzee alisogeza bomba kwa ncha ya buti, akalirudisha palepale. "Nilitupa warefu."

Feni zilizunguka. Mkaguzi alijizuia asimshike mzee mabega.

"Na wafupi?"

"Mimi ni mtu mzima, mama, usiniweke ndani kwa jambo dogo. Warefu walikuwa wamekauka, wamemaliza kazi. Wale wadogo walikuwa bado kijani. Unamtupaje kiumbe ambaye bado kijani?"

Stoo ya vifaa ilikuwa na dirisha moja, na kwenye kizingiti cha dirisha hilo, ndani ya makopo yaliyotobolewa chini, walikaa vibeti kumi na mmoja. Walikuwa kijani kizito, majani yamejikunja kwa ndani, kila mmoja mdogo kama kifungo cha koti. Kila kopo lilikuwa na namba ya trei ya Mpole kwenye kibao chake cha plastiki, kwa mwandiko wa Mpole mwenyewe. Mzee alikuwa amevihamisha vibao hivyo pamoja nao. Kopo moja lilikuwa na kijiti kirefu kilichochomekwa pembeni.

"Hicho cha nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Cha kupandia juu. Siku akipata nia."

Mama Barafu aligeuka akaangalia majembe.

"Nimewapa samadi," mzee aliendelea, sasa kwa haraka, kama mtu anayeeleza hali za wagonjwa kwa daktari. "Nimewageuzia jua. Wanakula, lakini hawaendi. Mjukuu wangu Mpole angeniuliza ningemwonyesha. Ila siku hizi anapita ameinamisha kichwa."

Kuanzia hapo Mkaguzi hakumwachia mtu kazi. Aliomba koleo dogo na mirija sita. Alichuma kipande cha jani kutoka kwa vibeti watatu yeye mwenyewe, akarudi kitaluni akachuma kutoka kwenye miche mitatu ya Profesa. Aliiandika mirija moja hadi sita bila kufuata mpangilio, na orodha ya ipi ni ipi akaitia kwenye bahasha aliyoisaini juu ya gundi.

"Hutajua unapima nini," alimwambia Mama Barafu.

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Ni muda gani?"

"Kusaga, kunakili vinasaba kwenye mashine, kuviendesha kwa umeme kwenye jeli vitengane kwa urefu. Saa tatu, nikikimbia."

"Kimbia."

Mashine ya kunakili vinasaba ilikuwa na ukubwa wa mashine ya kuchapia, na ikakataa kuwaka. Mama Barafu aliipiga ubavuni, ikawaka. Saa saba umeme ulikatika kwa sekunde nne. Mkaguzi, ambaye hakuwa akiijua mashine ile asubuhi, aliishika kwa mikono miwili. Betri ya akiba ilishika. Profesa alipita mara mbili kuuliza kwa nini mtu wake wa maabara hapokei simu, na mara zote mbili Mkaguzi alisimama mlangoni na kumwambia chumba hiki ni eneo la uchunguzi. Mara ya pili alimwambia kabla hajafungua mdomo.

Saa nane na dakika hamsini Mama Barafu aliweka kipande cha jeli, laini kama uji ulioganda, juu ya taa ya buluu. Mistari ya nuru ilitokea.

"Kinasaba kibovu kimekatika kipande, kwa hiyo ni kifupi, kinakimbia mbali zaidi," alisema. "Kizima kinabaki juu. Angalia. Namba mbili, tatu na sita, mstari wa chini peke yake. Moja, nne na tano, wa juu peke yake."

Mkaguzi alirarua bahasha. Vibeti: mbili, tatu, sita.

Walipoingia kwenye chumba cha mikutano, barua ilikuwa katikati ya meza na kalamu juu yake. Mkuu wa chuo alikaa kichwani mwa meza, Profesa kulia kwake, na Mpole kwenye kiti karibu na mlango, mikono mapajani, kama mtu anayengojea basi ambalo anajua limeshapita. Mzee alikataa kuingia na buti. Alibaki koridoni na kopo lake moja. Mkaguzi alilichukua akaliweka mbele ya Profesa, kisha picha ya jeli, kisha daftari la mbegu limefunguliwa.

Alizungumza dakika sita bila ubao.

Profesa aliinua kopo hadi usawa wa macho. Alikisoma kibao, akagusa jani kwa kidole cha mwisho. Ilimchukua muda kuliweka chini.

"Ni wenyewe," alisema. "Sina la kupinga. Basi matokeo ni ya kweli, na kosa ni la mtunza kitalu. Katibu aandike hivyo, tumalize."

"Aandike nini?" Mkaguzi aliuliza.

"Kwamba mtunza kitalu alichagua mbegu vibaya."

"Alichagua vizuri kuliko mtu yeyote humu. Nani alimwambia kwenye laini hii mnatafuta wagonjwa?"

"Afande, kazi yako ilikuwa kutafuta mkosaji. Umempata."

Mkaguzi alifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza siku hiyo mtu alimkatiza kwa sauti ndogo kiasi kwamba wote walilazimika kunyamaza.

"Akiandikwa yeye, niandikwe na mimi," Mpole alisema. Hakunyanyua macho. "Nimempita kila asubuhi miaka miwili. Namwambia babu mwagilia hii, babu usiguse ile. Sikuwahi kumwambia natafuta nini."

"Mpole, sasa hivi umeokoka," mkuu wa chuo alisema. "Kaa kimya."

"Nimekaa kimya mwezi mzima, mkuu."

"Na mimi," alisema Mama Barafu. "Mmea mmoja, mmea mmoja, miaka mitatu, na sahihi yangu kila mstari."

Mkuu wa chuo alimtazama Profesa. Profesa aliitazama kadi yake mwenyewe iliyobandikwa na mzee kwenye daftari: *Zikishavunwa, zitupwe.* Maneno mawili, na sahihi.

"Siku tatu natafuta mkosaji mmoja sipati," Mkaguzi alisema. "Sasa wanajileta kwa foleni, na hakuna hata mmoja wa kumfunga. Profesa, naomba uandike kwa mkono wako. Nina kesi nyingine, na ile nyingine ina mwizi."

Profesa aliandika polepole. Alifuta neno moja, akaandika jingine juu yake. Alipomaliza, mkuu wa chuo alisoma kwa sauti: tuhuma zimeondolewa, maabara haikumweleza mvunaji kusudi la laini, kuanzia sasa mvunaji atahudhuria mkutano wa kila wiki. Alisaini hiyo. Barua ile nyingine aliikunja mara mbili, akaichana.

Koridoni mzee alikuwa amesimama palepale, kofia mkononi.

"Wamekufukuza?"

"Hapana, babu," Mpole alisema.

"Na mimi?"

"Hapana. Wewe umewekwa kwenye mkutano."

Mzee alilipokea kopo lake, akachungulia kama majani yote yamo. "Mama Barafu anasema wale wa utepe hawafai tena. Basi mbegu tutoe wapi?"

"Kwa hawa. Maua yao hayawezi yenyewe, inabidi kuyasaidia. Tunachukua chavua kwa brashi laini, tunampaka mrefu, mmoja mmoja. Watoto wote watabeba nakala mbovu."

"Kwa brashi," mzee alirudia. "Ni kazi ya macho hiyo. Lini?"

"Mmoja ana kitumba. Nadhani kesho."

Mzee alimwangalia vizuri, kwa namna ile ya asubuhi na jioni.

"Na kesho upo?"

"Kesho nipo," Mpole alisema, kwa sauti ambayo hata Mkaguzi, aliyekuwa tayari mwisho wa ngazi, aliisikia.